Buibui jeusi mbele ya pazia jeusi

Ndugu yangu, wasema darasani picha zilitoka safi, lakini nyumbani Malindi mteja aliyevaa buibui anamezwa na pazia jeusi la nyuma yake, tena kuna mstari mweusi ukingoni mwa picha. Hayo ni mambo mawili.

Mstari ni shata, yaani kile kifuniko cha kamera kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Ukitumia flashi ya studio, iachie shata kasi ya 1/125 ya sekunde. Ukifika 1/500 shata haifunguki yote kwa pamoja flashi inapowaka. Anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi), kisha cheza na nguvu ya taa.

Buibui ndiyo kazi yenyewe. Usiongeze taa ya mbele, utaunguza uso bure. Msogeze mteja mita 1.5 kutoka kwenye pazia. Taa kuu yenye mwavuli ikae ubavuni digrii 45, juu kidogo ya macho, mpaka nukta ya mwanga ionekane kwenye mboni zote mbili. Ya pili, dhaifu, iweke nyuma upande wa pili ichore ukingo wa bega na mtandio. Ikipiga lenzi picha hufifia. Ikinge taa hiyo kwa kadibodi.

Na jasho la huku: kausha kwa tishu kwanza, ndipo poda. Ukigeuza, poda huganda mabaka.