Wazazi kuitwa skulini Jumamosi: yaliyonikuta mie Kusini

Assalaam alaykum. Dada uliyeuliza kutoka Fumba, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema karibu na kwenu inafunguliwa skuli ya maandalizi ya mtindo wa Waldorf, ule wa watoto kucheza na kufanya kazi za mikono kwanza, herufi baadaye. Wanataka ada, na juu ya ada wanataka kila mzazi atoe Jumamosi moja ya mwezi kufanya kazi skulini. Mumeo kasema anayelipa ada hafagii uwanja. Tena watu wamekutisha kuwa ni dini ya Wazungu imejificha humo.

Wanangu wawili wamepita skuli ya namna hiyo huku Kusini, pwani ya mashariki ya Unguja. Miaka sita nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, na minne kati ya hiyo nilikuwa katibu. Jina la skuli silitaji, maana mengine nitakayosema si ya kupendeza.

Nianze na mumeo. Ana haki ya kuuliza, lakini ajue skuli hizi zimetokea wapi. Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, Septemba 1919. Emil Molt, mkubwa wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alitaka watoto wa wafanyakazi wake wapate skuli, akamwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aiongoze. Jina limetoka hapo, kwenye sigara. (Nilipolieleza hili barazani kwetu mzee mmoja alitoa pakiti yake mfukoni akaitazama upya.) Walianza na watoto kiasi cha 250 katika jengo lililokuwa mkahawa. Haikuwa ya serikali wala ya kanisa. Walimu waliiendesha kwa baraza lao, na mpaka leo nyingi katika skuli hizi hazina mwalimu mkuu wa kutoa amri. Sasa skuli isiyo na mwenyewe, paa likivuja barua utampelekea nani? Paa ni lenu.

Na hilo kwetu si geni. Unguja na Pemba madarasa mangapi ya skuli za serikali yameanzwa kwa nguvu za wananchi, watu wakabeba mawe na mchanga mpaka kuta zikafika kwenye linta, ndipo serikali ikaja kuezeka? Baba yangu kabeba. Kwa hiyo kazi yenyewe haikunitia shaka. Kilichotutesa ni namna tulivyoitwa.

Mwaka wa kwanza ilitangazwa kuwa siku ya kazi ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi. Ratiba nzuri, imeandikwa kwa rangi, imebandikwa mlangoni. Wazazi wageni walifika wote, na sisi wanaume wachache. Mama zetu wengi hawakuonekana. Mwezi wa pili wakaja nusu ya hao wachache. Wa tatu mama zetu hakuja hata mmoja. Kwenye kikao mama mmoja mgeni, mtu mwema tu, akasema kwa masikitiko kwamba inaonekana akinamama wa kijijini hawajaielewa bado thamani ya elimu ya watoto wao. Mke wangu alikuwa amekaa karibu nami. Hakusema kitu. Alinyanyuka, akajitanda kanga yake, akatoka.

Nyumbani ndipo aliponiambia nilichokuwa nakijua siku zote na sikukifikiria. Huku kwetu wanawake wanalima mwani tangu 1989, na mwani hauna Jumamosi. Una bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kutoka sana na siku za maji kutoka kidogo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa sana, na huku kwetu kupwa huko huangukia asubuhi, saa tatu, saa nne. Hapo ndipo mashamba yanapofikika, mtu akafunga mbegu, akavuna, akarudisha kamba kabla maji hayajajaa. Ukikosa bamvua hili unasubiri lijalo, na mwani wako unaoza au unakatika. Jumamosi zile mbili za mwisho zote ziliangukia bamvua. Akinamama hawakuwa wamelala. Walikuwa kwenye maji ya kiunoni, mita mia nane kutoka hapo skulini, na ungesimama kwenye ngazi ungewaona.

Nilipeleka hoja kwenye kamati: tusihesabu Jumamosi, tuhesabu mwezi. Siku ya kazi iwe ya maji mafu, na iwe alasiri baada ya sala. Kulikuwa na ubishi, maana wageni kalenda zao ziko kwenye simu na walitaka siku isiyobadilika. Mwisho tukakubaliana mwalimu mmoja, mtoto wa mvuvi, ndiye apange tarehe za miezi mitatu kwa mkupuo. Siku ya kwanza ya ratiba mpya walikuja akinamama thelathini na kitu, na mbuzi zao za kukunia nazi, na sufuria. Hakuna aliyewaambia walete sufuria. Kwetu kazi ya watu wengi ni shughuli, na shughuli haina maana bila chakula. Tulisuka makuti, tukaezeka banda la kuchezea kabla ya magharibi, tukala wali wa nazi na samaki tumekaa mikekani. Yule mama mgeni alikuja mwenyewe kwa mke wangu. Walizungumza nini sijui, ila tangu siku ile wakawa wanakwenda pamoja mwanini.

Dada, hapo pa kwanza pa kuwauliza hao wa Fumba: siku imepangwa na nani, na asiyeweza siku hiyo atatoa nini badala yake? Wakikujibu kuwa asiyekuja atalipa faini, kimbia. Sisi tulikuwa nayo faini kwa miezi miwili, na iliwaumiza wasiokuwa nacho tu. Mwenye hoteli hulipa akapumzika. Baadaye tukasema bibi anayekuja kuwasimulia watoto hadithi, paukwa, pakawa, saa moja tu, kazi yake imehesabiwa. Anayeleta mkungu wa ndizi, imehesabiwa. Mie nilitengeneza benchi na farasi wa mbao, na ada ya mtoto wa pili ikapunguzwa kwa makubaliano ya maandishi.

Kuhusu dini, nitakwambia bila kuficha. Steiner alikuwa na falsafa yake ya mambo ya roho, inaitwa antroposofia, na walimu wa Waldorf huisoma wanapofundishwa kazi. Anayekwambia haipo anakudanganya. Ila si somo, watoto hawafundishwi, na Steiner mwenyewe hakutaka ifundishwe darasani. Sisi tulimwalika ustadh wa chuoni kwetu, chuo cha Qurani, akae siku nzima atazame. Asubuhi kuna maneno ambayo watoto husema kwa pamoja kabla ya kuanza. Akayaomba kwa maandishi, akayasoma, akasema hana ugomvi nayo lakini watoto wetu wanayo dua yao ya kuomba elimu, kwa nini wasianze na hiyo? Wakaanza nayo, na watoto wa wageni wakanyamaza kwa adabu mpaka iishe.

Tulidhani ugomvi utakuwa kwenye wanasesere. Wanasesere wa Waldorf hushonwa kwa mkono, na uso wao hauna kitu, au una nukta mbili za macho basi, ili mtoto mwenyewe aamue leo kacheka au kalia. Ustadh alimgeuza mmoja huku na huku, akasema: huyu hana uso, mie sina neno naye. Walimu walikuwa wanaagiza sufu ya kondoo kutoka Ulaya kwa kuwajaza, na kwa unyevu wetu wa masika ilikuwa inanuka kama banda la mbuzi. Bibi mmoja akauliza kwa nini wasitumie sufi, na msufi umesimama nyuma ya skuli unaangusha bure. Kuanzia hapo kazi za mikono zikawa zetu: ukili wa kutia rangi, kamba za usumba, na mzee mmoja akawaonyesha wale wakubwa kutoboa kofia. Kwa maoni yangu hapo ndipo skuli ilipopata akili yake. Ulaya watoto wa darasa la kwanza hufundishwa kufuma kwa sindano za mbao ili vidole viamke. Vidole vya watoto wa huku kwetu Jambiani viliamshwa na miyaa tangu zamani, ila hakuna aliyeviita elimu.

Sikukuu ndiyo ilikuwa kichekesho. Ujerumani mwezi wa Novemba watoto hutembea na taa jioni giza linapoingia. Huku wakataka kufanya vivyo hivyo saa kumi na mbili na nusu. Nani atamtoa mtoto nje magharibi? Mama mkwe wangu alisema wajukuu zake hawatoki hata kama taa ni za dhahabu. Ikahamishiwa Ramadhani baada ya tarawehe, taa za vifuu vya nazi, na kijiji kizima kikatoka.

Mwalimu kuja nyumbani nako ujiandae. Ni desturi yao kumtembelea kila mtoto kwao. Kwetu mwalimu akibisha hodi mtoto kaiba embe. Mke wangu alifagia uwanja mara tatu, mama mkwe akachinja kuku, na mwanangu akajificha darini. Mwalimu alikaa mkekani, akataka tu kuonyeshwa anapolala mtoto na kuku wake anaowapenda. Mmoja wao alikuwa ameshaingia sufuriani. Mtoto alilia, mwalimu akala kidogo tu.

Televisheni watakwambia uizime kwa wadogo. Sisi tunaishi watu kumi na mmoja nyumba moja na mama mkwe ana tamthilia yake. Nilitia sahihi karatasi yao, na sikutimiza. Bora ungewaambia ukweli mapema kuliko kudanganya kama mie.

Pesa sasa, na hapa ndipo palipovunjika. Mwaka wa nne tulifanya soko la kazi za mikono kwa ajili ya watalii. Liliuzika sana. Fedha zikakaa kwa mzazi mmoja, kwa uaminifu tu, bila daftari. Miezi mitatu baadaye tukauliza zimebaki ngapi, kila mtu akawa na hesabu yake. Sidhani kama kuna aliyeiba. Lakini maneno yalitembea kisimani na barazani, familia nane zikatoa watoto wao, na mwalimu aliyekuwa na watoto wetu tangu mwanzo akaondoka kwa kuchoshwa. Kilichoniuma ni kuwa akinamama wale wale wanaendesha upatu wa watu ishirini bila senti kupotea, na hakuna aliyewaomba washike hesabu. Baada ya hapo wakapewa wao. Fedha huhesabiwa mbele ya watu watatu, jumla ikaandikwa kwa chaki ubaoni, kila mpitaji anaisoma. Familia mbili zilirudi. Sita hazikurudi.

Ukaniuliza kama mtoto atachelewa kusoma. Atachelewa, kwa maana hawafundishi herufi mpaka mtoto akaribie miaka saba. Binti yangu alipoingia darasa la kwanza skuli ya serikali wenzake walikuwa wanaandika majina yao, yeye hajui A. Nililala vibaya wiki ile. Lakini alifu, bee, tee alishazijua chuoni zamani, kwa hiyo kichwa kilikuwa kinajua kuwa alama ina sauti. Kufika likizo ya pili alikuwa anasoma. Sasa yuko darasa la tano, hesabu anafanya wastani, na ukili anasuka kuliko mama yake.

Mumeo mwambie aende siku moja ya kazi kabla hamjalipa kitu, asimame tu atazame nani yuko na nani hayuko. Halafu aulize daftari liko wapi. Kama anataka, anitumie ujumbe, nitampa mfano wa makubaliano yetu ya kupunguza ada. Mie kesho naingia pwani na mke wangu, ni bamvua, nikichelewa kujibu usinilaumu.