Baba anameza kidonge mseto cha moyo pamoja na dawa zake za zamani

SWALI: Shikamoo mfamasia. Baba yangu ana miaka 67, na miezi michache iliyopita alipata shambulio la moyo. Kliniki wamempa kidonge kimoja chenye asprini, ramiprili (ya presha na moyo) na atorvastatini (ya kolesteroli) ndani yake. Yeye haamini kama kimoja kinatosha, kwa hiyo anameza na zile za zamani. Mama ana presha kidogo, naye ameanza kuchukua vya baba. Kuna hatari? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Hatari ipo, na ni ya kushughulikia leo.

Baba akimeza vyote, anapata dozi mara mbili. Asprini ikizidi, tumbo linaweza kuvuja damu. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kukimbilia hospitali. Ramiprili ikizidi, presha hushuka mno, figo huelemewa, na madini ya potasiamu hupanda kwenye damu. Lakini usizitupe dawa za zamani kwa kukisia. Huenda mojawapo haimo kabisa kwenye kidonge kipya, mfano bisoprololi (ya kutuliza mapigo ya moyo) au klopidogreli (ya kuzuia damu kuganda), na kuiacha ghafla ni hatari kubwa kwa mtu aliyetoka kuugua moyo. Pigia kliniki leo, wasomee majina na miligramu za kila boksi, wakuambie ipi inabaki na ipi inaondoka.

Kuhusu kutokuamini, mweleze hivi. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ulaya kwa watu karibu 2,500 waliopata shambulio la moyo, ukilinganisha kidonge cha mchanganyiko huu huu na matibabu ya kawaida. Waliopewa kidonge kimoja, asilimia 9.5 walipata tena tatizo kubwa la moyo, kiharusi, au kufa kwa sababu hizo. Waliotumia matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 12.7. Dawa haikupunguzwa nguvu. Vidonge vikiwa vichache, mtu havisahau kirahisi.

Mama aache. Presha yake ipimwe, apewe dawa yake mwenyewe. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, asprini ya kila siku inaweza kumletea damu kuvuja kuliko faida. Na kama nyumbani kuna binti au mkwe mwenye uwezekano wa kushika mimba, kidonge hiki asikiguse: ramiprili humdhuru mtoto tumboni.

Sasa jambo linalonisumbua sana dukani: wazee wenye maumivu ya magoti wanaojinunulia diklofenaki au ibuprofeni. Zikikutana na ramiprili huumiza figo, zikikutana na asprini huchubua tumbo, na ibuprofeni huweza hata kuizuia asprini isifanye kazi yake ya kulinda moyo. Magoti yakiuma, baba aanze na parasetamoli.

Kikohozi kikavu kisichoisha, au misuli kuuma bila sababu, airudie kliniki. Midomo au ulimi kuvimba, au misuli kuuma huku mkojo ukiwa mweusi, asimeze kingine, aende hospitali mara moja. Akiharisha au kutapika sana, apige simu kabla ya kumeza, maana mwili uliokauka maji na ramiprili haviendani. Akisahau siku moja, kesho ameze kimoja tu.

Muulize daktari pia lini atapimwa damu kuangalia figo na potasiamu. Kwa kawaida hufanyika wiki moja hadi mbili baada ya kuanza ramiprili au kuongezewa dozi, na kwa jinsi alivyokuwa akizidisha, nisingependa asubiri.