Mkataa wa bei ya punda

SWALI: Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Juzi jirani yetu alikuwa akiuza punda. Mnunuzi alipozidi kumbana, jirani akamwambia, "Hiyo ndiyo bei ya mkataa." Mnunuzi akaona amekataliwa, akainuka akenda zake. Tuliobaki barazani tukabishana mpaka adhana ya alasiri. Mkataa si kukataa?

JIBU: Mpe pole jirani. Alisema Kiswahili safi, na Kiswahili safi kikamkosesha biashara.

Mkataa ni jambo lililokwisha kukatwa shauri, halirudi nyuma. Bei ya mkataa ni bei isiyopungua tena: ukiitaka lipa, huitaki basi. Hakumfukuza mtu, alimwambia tu kwamba kubembelezana kumekwisha. Ndivyo tusemavyo pia neno la mkataa, jibu la mkataa, uamuzi wa mkataa.

Uamuzi hauwi wa mkataa kwa sababu tu aliyeutoa ana sauti nzito. Hukumu ya kadhi, kwa mfano, hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, kwa hiyo kuiita ya mkataa ni kuiongezea nguvu isiyo nayo. Lakini kesi ya kupinga uchaguzi wa rais ni mambo mengine. Ibara ya 140 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuisikiliza na kuiamua, na ikishaamua hakuna pengine pa kwenda. Mahakama hiyo ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, waliocheka na waliolia wote walipokea uamuzi wa mkataa.

Kilichowachanganya ni methali, nadhani: "Mkataa pema pabaya panamwita." Mkataa wa hapo ni mtu, yule anayekataa, na wingi wake ni wakataa. Wa punda ni jambo, si mtu. Kwa hiyo msimwite mbishi "mkataa" mkidhani mnamsifu kwa msimamo. Semeni ameshikilia lake. Wala msimchanganye na mkata, yaani maskini: huyo mkazo wake uko kwenye *ka*, wa mkataa uko kwenye *ta*. Mkataba nao hauna udugu hapa, umetoka Kiarabu pamoja na kitabu.

Na katakata? Hilo laeleza namna ya kukataa tu. Nimeona wazee wakikataa posa katakata Jumatatu, Ijumaa wanakula pilau ya harusi. Lingekuwa neno la mkataa, pilau isingepikwa.

Jirani siku nyingine aseme, "Bei ya mkataa, haipungui." Na kama punda bado yuko, mtafuteni yule mnunuzi.