Kusi niliyoigeuza kuwa kaskazi

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja anayesoma shahada ya uzamili. "Kaka shikamoo. Naiga upepo juu ya Mwanza mjini kwa kompyuta. Kila nikiiwasha simulesheni inafika sekunde ya 40 inalipuka. Nimekwama wiki 3 sasa, nisaidie." Akaambatanisha picha: skrini imejaa NaN, alama ya kompyuta kwamba hesabu haitoi namba tena, kutoka juu hadi chini.

Jibu lake ni fupi. Visanduku vya gridi yake, yaani vipande ambavyo kompyuta inaigawa hewa, vina upana wa mita 2, upepo kwenye kona za majengo unafika mita 10 kwa sekunde, na yeye kaweka hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, ya nusu sekunde. Kwa hatua moja hewa inaruka mita 5, yaani visanduku viwili na nusu, bila kuvikanyaga. Dogo, shusha hatua iwe chini ya 0.2, mchezo umekwisha. Wanahesabu wanalijua sharti hili tangu 1928, na bado linatupotezea wiki.

Ila kulipuka si msiba. Simulesheni inayolipuka ni mwungwana, imekwambia ukweli mapema. Iliyonitia aibu mimi haikulipuka hata mara moja.

Nilikuwa naiga Kariakoo. Nilitumia PALM, programu ya Chuo Kikuu cha Leibniz kule Hannover, ambayo unaipata bure. Inahesabu yenyewe mizunguko mikubwa ya hewa, ile midogo isiyoonekana kwenye gridi inaikadiria. Eneo langu kilomita 2 kwa 2, kwenda juu mita 400, kila kisanduku mita 2: jumla visanduku milioni 200. Ukitamani mita 1 usidhani kazi inaongezeka mara mbili. Visanduku vinakuwa mara 8, hatua ya muda unaikata nusu, kwa hiyo ni kazi mara 16. Laptopu itakufia mkononi. Niliombaomba muda kwenye kompyuta kuu ya nje ya nchi, nikapewa kwa mgao, kama maji ya bomba.

Halafu majengo. Ramani huria za mtandaoni zilinipa umbo la kila nyumba lakini urefu mara nyingi hamna. Nikaingia mtaani na daftari, Kongo, Swahili, Narung'ombe, nikihesabu ghorofa, kila moja mita 3. Watu wakanidhani mtu wa kodi. Mama mmoja wa vitenge alishusha mlango wa chuma, akabakiza upenyo wa kuchungulia kama nimeondoka. Maji ya viyoyozi yananidondokea shingoni. Katikati ya mtaa hakuna pumzi kabisa, lakini ukifika kona ya jengo refu upepo unakupiga usoni na kurusha mifuko, maana hewa ikigonga uso wa ghorofa huteremka hadi chini, kisha inajibana kupita ubavuni. Nakumbuka nilisimama pale nikatabasamu peke yangu. Nilijiona bingwa.

Siku ya kuwasilisha ukumbi ulijaa: watu wa mipango miji, wahandisi, wajumbe wa mitaa. Nakiri nilivimba kichwa. Video yangu ilikuwa na mizunguko myekundu na ya buluu ikijikunja nyuma ya maghorofa, watu wakatoa simu kurekodi. Juu nimeandika: Julai, saa nane mchana.

Mzee mmoja, nahodha mstaafu wa majahazi, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo umesema Julai?"

"Ndiyo mzee."

"Julai ni kusi. Mbona moshi wako unakwenda Keko?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Keko iko kusini ya Kariakoo.

Kosa lenyewe ni alama mbili za kutoa. Kituo cha hali ya hewa huandika upepo unakotoka: nyuzi 160 maana yake unatoka kusini, umeegemea mashariki kidogo. Programu yenyewe inataka uiambie hewa inakokwenda. Kwenye kubadilisha unaweka alama ya kutoa kwenye vijenzi vyote viwili vya upepo, cha magharibi-mashariki na cha kusini-kaskazini, mimi nikaziacha. Mtu niliyezaliwa Tanga! Bibi yangu hakuwahi kuona kompyuta, lakini alijua akiingia msimu gani aanike dagaa upande upi wa nyumba. Jina lenyewe kusi linakuambia limetoka wapi.

Miezi miwili ya kompyuta ikateketea. Ukingo wa kusini niliotangaza kwamba umenyimwa hewa, kumbe Julai ndio unaopokea upepo wa kwanza. Aliyekuwa akiongoza mradi hakunipigia tena, nafasi yangu akapewa mwingine, na mwenzangu mmoja akanibandika jina la Bwana Kaskazi. Bado linaniuma, sitaki kudanganya. Lakini mwezi uliopita nimetetea tasnifu, nimepita kwa marekebisho madogo tu, na huyo mwenzangu alikaa mstari wa pili akisikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni. Kabla hujawasha chochote, toka nje. Funga kipande cha kanga kwenye nondo ya dirisha ukiangalie wiki nzima. Uliza wavuvi, uliza wachoma mishikaki moshi unaelekea wapi. Kisha endesha jaribio dogo la dakika kumi, gridi ya kizembe, uone mshale mmoja tu unakwenda wapi. Halafu toka nje tena. Rangi nzuri zisikulevye. Hong Kong baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa njia ya hewa, mwaka 2003 walianza kupima njia za upepo kabla ya kusimamisha minara, na sisi huku tunajenga ukuta wa maghorofa kisha tunanunua viyoyozi. Siku mamlaka zikitaka ushauri watatuita sisi, na mshale uliogeuzwa utaziba mtaa wa watu halisi.

Yule kijana wa Mwanza nimemjibu kuhusu hatua ya muda, akashukuru sana. Nikamuuliza: saa nane mchana kwenu upepo unatoka ziwani au unakwenda ziwani?

"Kaka, ngoja nimuulize mama. Mimi nakaa hosteli."