Mjamzito, Viganja Vikiwasha Usiku Usikimbilie Vidonge vya Madini

Juzi dada mmoja kaniandikia usiku wa manane. Mimba yake ina wiki 31, viganja na nyayo vinamwasha mpaka analia, na anataka kujua jambo moja tu: "Dada, wewe ulikunywa vidonge gani vya madini?" Usingizi uliniruka. Miaka mitatu iliyopita na mimi nilikuwa naulizia hayo hayo.

Mimi ilinianza wiki ya 32. Nyumbani wakasema kiganja kikiwasha, pesa inakuja. Pesa gani hiyo inayoshuka mpaka kwenye nyayo saa nane za usiku? Nilikuwa nakaa kitini, miguu kwenye beseni la maji baridi, najikuna kwa chanuo hadi damu inatoka. Upele hata mmoja sikuwa nao, alama zote ni za kujikuna. Kliniki nesi akanitazama haraka haraka, akasema aleji, akaniandikia setirizini. Nilipouliza kama hakuna kipimo akanijibu, "Wajawazito mnapenda kulalamika." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba watafiti wa Chile waliwapima wajawazito ambao nyongo yao inakwama kwenye ini, wakakuta madini ya seleni yako chini katika damu yao. Ni kweli waliyakuta hayo. Kosa ni langu, kuamini kwamba basi nikinywa seleni nitapona. Nikatoa shilingi 85,000 kwa seleni na zinki, nikanywa wiki mbili. Muwasho haukupungua hata usiku mmoja, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi.

Daktari wa pili ndiye aliyenipima ini na asidi za nyongo, ambazo huzidi kwenye damu nyongo ikikwama. Karatasi ya maabara ilisema kawaida ni chini ya 10. Mimi nilikuwa na 64. Akanieleza taratibu kwamba seleni kuwa chini hakuthibitishi kuwa ndiyo iliyoleta ugonjwa, tena ikizidi mwilini ni sumu, nywele na kucha hudondoka. Na asidi za nyongo zikifika 100 kwenda juu, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Nilitoka nje nikalia. Wiki mbili nzima nilikuwa nahesabu vidonge!

Alinipa ursodioli, dawa ya nyongo, nikawa napimwa kila wiki, na wiki ya 37 wakanianzishia uchungu. Binti yangu alilia kwa sauti. Muwasho ukaisha kabla sijamaliza wiki.

Jamani mama wajawazito, fefo (vidonge vya kuongeza damu) mnazopewa kliniki endeleeni nazo, na samaki, dagaa na mayai kuleni, seleni imo humo. Lakini viganja na nyayo vikiwasha bila upele, na usiku vikazidi, dai kipimo cha damu. Taja kwa jina: asidi za nyongo. Wakikupuuza, nenda kwingine. Majibu yakija mazuri na muwasho upo, pima tena. Mtoto akipunguza kucheza usingoje kupambazuke, nenda saa hiyo hiyo. Na ukipata mimba nyingine waambie mapema, maana ugonjwa huu hupenda kurudi.

Yule dada nilimjibu usiku ule ule. Asubuhi akanitumia picha ya mkono wake, pamba imebandikwa pale walipotoa damu. Majibu ni Ijumaa. Nasubiri naye.