Mgunga wangu ni Acacia au Vachellia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kitalu cha miche nje kidogo ya mji wa Dodoma. Miaka yote nimeandika "Acacia tortilis" kwenye kibao cha mgunga. Juzi mteja mmoja, kijana anayesomea misitu, aliniambia jina hilo limepitwa na wakati, siku hizi ni Vachellia tortilis. Je, mti umebadilika au ni wataalamu tu wamebadilika? Na kwa nini nihangaike na Kilatini wakati mgunga kila mtu anaujua?

JIBU: Marahaba. Mti ni uleule. Kijana wako yuko sahihi, na wewe pia hukukosea ulipoandika kibao chako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye uzito kwa mwenye kitalu. Mgunga si mti mmoja. Watu huita hivyo miti kadhaa yenye miiba na majani madogomadogo. Hata kikwata ni miwili: kuna Senegalia mellifera, na kuna Senegalia senegal, ambao ndio hutoa ile gundi inayotiwa kwenye soda na peremende. Mtu akikuagiza miche 200 ya kikwata kwa sababu anataka kuvuna gundi, ukampa ule mwingine, atakuja kugundua baada ya miaka. Jina la kisayansi linazuia hasara hiyo.

Jina hilo lina sehemu mbili, kwa utaratibu ambao katika mimea unahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, cha mwaka 1753. La kwanza ni la jenasi, sawa na kusema ukoo. La pili ndilo linalotofautisha spishi hii na ndugu zake. Okota ganda la mbegu chini ya mgunga wako: limejisokota kama springi. Tortilis maana yake ndiyo hiyo, "iliyosokotwa". Mtaalamu Peter Forsskål aliukuta mti huu katika safari yake ya Yemen, akafia hukohuko mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Yeye aliuita Mimosa tortilis. Baadaye ukahamishiwa Acacia, na sasa Vachellia. Koo tatu, lakini tortilis haijaguswa. Ndiyo maana vitabuni bado utaona "Forssk." kwenye mabano baada ya jina: heshima ya aliyeutaja kwanza haipotei mti unapohamishwa.

Sasa kwa nini uhamishwe? Kata tawi la mgunga na la kikwata, uyaweke pamoja mezani. Mimea mingi ya jamii ya kunde ina vijani viwili vidogo pale jani linapoungana na tawi. Kwenye mgunga vijani hivyo vimegeuka kuwa miiba, kwa hiyo hutoka miwili miwili: mingine mirefu, myeupe, iliyonyooka, mingine mifupi iliyopinda. Miiba ya kikwata haitokani na vijani hivyo, bali huchipuka kwenye ngozi ya tawi. Ukiitazama haraka utaiona ni miiba tu, lakini asili zake ni mbili tofauti. Maua nayo: ya mgunga ni vitufe, ya Senegalia senegal yamepangika kwenye kijiti kama brashi ya kuoshea chupa. Vinasaba vilipochunguzwa vikathibitisha kwamba Acacia ya zamani ilikuwa imekusanya koo zisizo na mzazi mmoja wa karibu, ikabidi igawanywe: mgunga ukaenda Vachellia, kikwata Senegalia.

Hapo ndipo palipozuka ugomvi. Kila jenasi ina spishi yake ya msingi, na jenasi ikigawanywa, jina la zamani hubaki na kundi lenye spishi hiyo. Ya Acacia ilikuwa mgunga wa Afrika, Acacia nilotica. Kwa kanuni ya kawaida, jina lingebaki kwetu. Lakini Australia ina karibu spishi 1,000 za Acacia, na kamati ya majina ya mimea ikapendekeza spishi ya msingi ibadilishwe ili majina machache zaidi yavurugike. Katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea, Vienna, mwaka 2005 zaidi ya nusu ya kura zililikataa pendekezo hilo, ila kulipindua kulihitaji asilimia 60, zikapungua. Mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukaacha uamuzi huo kama ulivyo. Ninaukubali kwa sababu bila kanuni moja hatutaelewana, lakini uliniuma na unaniuma bado. Wagiriki wa kale walilitumia neno hilo kwa mti wa miiba wa Misri, na leo limebaki na miti ya Australia ambayo mingi haina mwiba hata mmoja. Miwati inayopandwa Njombe kwa ajili ya magome yake, mgeni kutoka Australia, bado ni Acacia mearnsii. Mgunga wetu siyo.

Kwenye kibao andika: Mgunga, Vachellia tortilis (zamani Acacia tortilis). Jenasi ianze kwa herufi kubwa, tortilis kwa ndogo, yote mawili kwa maandishi ya mlazo. Usifute jina la zamani, kwa sababu vitabu vingi vya misitu vilivyo mikononi mwa watu bado vinalo. Na kibao cha kikwata usikiandike kabla hujahesabu miiba penye kila jani: mitatu, mmoja wao ukiwa umepinda kuelekea chini, ni Senegalia senegal, miwili, ni mellifera.