Muulize Fundi: Ratiba ya chuo inanitoa jasho

SWALI: Fundi shikamoo. Napanga ratiba kwenye chuo kimoja hapa Tanga, masomo 40, vyumba 9, kila muhula naishia wiki mbili kwenye Excel na bado juzi wakufunzi wawili wamekutana mlangoni mwa chumba kimoja, kila mtu na chaki yake, wanafunzi hoi kwa kucheka. Nasikia kuna algorithimu, yaani hatua za kompyuta za kutatua jambo, zinapanga zenyewe, ni kweli au porojo?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na usijilaumu, hata kompyuta inahenya hapo. Chukua masomo yako 40 na vipindi 30 vya wiki, kila somo kipindi kimoja tu, njia za kuyapanga ni namba yenye tarakimu 60, na vyumba bado hatujavigusa! Kwa hiyo programu haijaribu zote, nyingi zinaanza na ratiba mbovu, zinahesabu migongano, zinahamisha somo moja, zinahesabu tena. Ila ikikubali mabadiliko mazuri tu inakwama mapema, ndo maana 1983 mtafiti Kirkpatrick na wenzake walichukua akili ya mhunzi anayepasha chuma na kukiacha kipoe taratibu: mwanzoni hata badiliko linaloharibu kidogo linaruhusiwa, halafu ruhusa inabanwa pole pole mpaka ratiba inatulia.

Wewe tafuta FET, programu ya kupanga ratiba, ni ya bure na inakaa kwenye laptopu yako. Yenyewe ina njia yake, inaanza na somo gumu, likikosa nafasi inaling'oa somo lililokaa pale na kulitafutia pengine. UniTime ya kule Purdue, Marekani, nayo bure lakini inataka seva na mtu wa kuilea, achana nayo kwanza.

Kazi iko kwenye masharti. Kwenye FET sharti la asilimia 100 halivunjwi: mkufunzi hawi sehemu mbili, watu 80 hawaingii chumba cha 50. Mkufunzi anayetoka Pangani asipewe kipindi cha saa moja asubuhi, hilo ni ombi, lipe asilimia ndogo. Ijumaa saa saba mchana mimi ningeipa 100, hapa Tanga bwana, utafundisha viti. Wengi wanapachika 100 kila mahali kwa sababu kila mkufunzi anasema lake ndo la lazima, programu ikigoma wanasema mbovu.

Anza na mwaka wa kwanza peke yao uone, na lile faili la Excel usilifute bado.